Alama Shingoni mwa Gitaa

Gitaa likiletwa kwangu, silipigi kwanza. Nalilaza kwenye meza ya kazi, nalegeza nyuzi, nazisogeza kando, halafu naitazama shingo kwa jicho moja kama mtu anayelenga bunduki. Nyuzi za chuma zinakula. Kidole kikisimama mahali pamoja mara elfu kadhaa, freti inaingia kishimo na ubao ulio nyuma yake unabonyea, unang'aa kama mpini wa jembe. Nimesoma vishimo hivyo hapa Peramiho kwa zaidi ya miaka arobaini, na mara nyingi naweza kukutajia umri wa mwenye gitaa kabla hajaingia kulichukua. La kijana limelika kila mahali kidogo kidogo, hadi kule freti ya kumi na mbili karibu na tumbo, kama uwanja ulioparurwa na kuku. La mzee limelika karibu na kichwa, freti tatu za kwanza, na hapo limelika kweli.

Mwaka jana mwalimu mmoja wa kwaya alikuja kuchukua gitaa lake, akakuta nimelifungua la mtu mwingine, nikamwonyesha alama hizo. Akaniuliza, "Sasa Mzee, hii maana yake nini? Mpiga gitaa akizeeka anapungua? Kutoka freti kumi na mbili hadi tatu?" Nikamwambia akae. Hilo si swali la kujibiwa ukiwa umesimama mlangoni.

Kwanza lazima ujue magitaa yalifikaje huku. Songea ya wakoloni haikuwa na mashamba makubwa ya wazungu kama Tanga, wala reli. Ilikuwa na watu, na watu hao walitakiwa kulipa kodi ya kichwa. Wakatoka kwenda mkonge, Tanga, Morogoro, Lindi, tukawaita manamba. Wengine wakaandikishwa na Wenela, wakala wa migodi, kwenda kuchimba dhahabu Johannesburg, mpaka serikali ya uhuru ilipoukomesha uandikishaji huo. Aliyerudi alirudi na blanketi, sanduku la bati, pengine baiskeli. Na wachache walirudi na gitaa. Lile la Afrika Kusini lilitengenezwa na kampuni ya Gallo, likiitwa Gallotone, na sisi tukalifanya galatoni. Baadaye kila gitaa kavu likawa galatoni, hata kama limetoka Japani. Lilikuwa gitaa la bei ndogo, tumbo la mbao za tabaka, shingo nyepesi, ubao wa vidole wa mti laini uliopakwa rangi nyeusi uonekane mpingo. Nacheka kila nikiukwangua. Mpingo wenyewe unatoka huku kwetu, misitu ya Namtumbo na Tunduru, unapelekwa Ulaya kutengenezwa klarineti, sisi tunarudishiwa mti mweupe uliopakwa rangi. Lakini tusilidharau galatoni. Mwaka 1957 kijana mmoja wa Liverpool alinunuliwa galatoni kama hilo hilo kwa njia ya posta. Jina lake John Lennon.

Mtu wa kwanza niliyemwona akipiga alikuwa mzee wa Maposeni, ingawa wakati huo hakuwa mzee. Alirudi kutoka migodini mwaka 1958, mimi nikiwa mtoto wa miaka minane. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, gumba likitembea kwenye nyuzi nene, cha shahada kikijibu juu kwenye nyembamba, mpaka mtoto unazunguka nyuma yake kutafuta alipojificha mtu wa pili. Mtindo huo haukuwa wake. Ulikuwa wa Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Bosco aliimba Kiswahili, Kiswahili cha Kongo, kwa hiyo santuri zake zilipofika huku hazikuhitaji mkalimani. Mwaka 1959 alikwenda Nairobi akakaa miezi, akapiga hata matangazo ya dawa ya Aspro. Katika kila wilaya kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akimtafuta Bosco kwenye nyuzi usiku kucha. Wa kwetu alikuwa huyo wa Maposeni.

Alipendwa kuliko fundi yeyote wa ngoma? Hapana, tusiseme uongo. Ngoma ya lizombe ikipigwa, gitaa lilikaa kimya kwenye kona. Lakini msimu wa tumbaku, chama cha ushirika cha NGOMAT kikishalipa, watu walimwita kwenye harusi na pombe, na hapo alitawala.

Sasa turudi kwa mwalimu wa kwaya na swali lake. Nilimwambia hivi: huku kwetu swali hilo limekosa mashahidi. Wapigaji wetu wakubwa hawakupewa nafasi ya kuzeeka. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikufa kwa ajali ya gari Morogoro mwaka 1965, hajafika arobaini. Mbaraka Mwinshehe alizaliwa mwaka 1944, mwaka ule ule ilipoanzishwa Morogoro Jazz ambayo angekuja kuitangaza, akaiacha mwaka 1973 kuunda Super Volcano, na Januari 1979 ajali ya gari ikamuua Mombasa. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Bosco mwenyewe, ajali ya gari Zambia, mwaka 1990. D. O. Misiani wa Shirati Jazz, mtu aliyezaliwa upande wetu wa mpaka, ajali ya barabarani Kisumu, mwaka 2006. Huyu angalau alifika sitini na sita. Mpiga gitaa analala mchana na kusafiri usiku, kwenye gari bovu, vyombo vikiwa juu, dereva naye alikuwa dansini. Ukitaka kujua kama Mbaraka angeongezeka au angepungua, uiulize barabara.

Nina maoni yangu kuhusu Mbaraka, na sijawahi kuyabadili. Msikilize wa mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa na Morogoro Jazz, solo linakimbia, linaonyesha misuli, kijana anataka ujue kwamba anaweza. Msikilize wa miaka ya Volcano. Anaachia nafasi. Anapiga sauti tatu, ananyamaza, anaziacha zikae masikioni mwako, halafu anarudi na mbili. Alikuwa na miaka thelathini tu, lakini gitaa lake lilikuwa limeshaanza kusogea kuelekea freti za kwanza, kule kwa wazee. Ndiyo maana msiba ule hatukuumaliza. Nilikuwa karakana tulipousikia redioni, na watu waliweka randa chini.

Karakana hiyo ndiyo iliyonilea. Misheni ya Peramiho ilianzishwa mwaka 1898, ikachomwa moto katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, ikajengwa upya, na kanisa kubwa unaloliona leo liliwekwa wakfu mwaka 1948. Mawe na matofali wageni hupiga picha. Karakana hawapigi, lakini huko ndiko waliko watu: maseremala, wachapaji, mafundi chuma, washona viatu. Nilijifunza useremala mwishoni mwa miaka ya 1960 chini ya Bruda Mjerumani ambaye kipimo chake kilikuwa ukucha. Anaupitisha kwenye kiungo, ukikwama, unarudia. Gitaa alilihesabu kuwa sanduku lililokosewa pembe. Hata hivyo nilipomletea galatoni la kwanza lililopasuka tumbo, hakunifukuza. Alilinusa, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akaniambia gundi ya moto na subira, basi. Niliharibu matatu kabla ya kuponya moja. La kwanza nililipiga randa shingoni mpaka likawa jembamba kama mwiko, mwenyewe akalia mbele yangu.

Kanisani nako mambo yalikuwa yanabadilika. Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alikuwa ametoa kitabu mwaka 1963 kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukafungua milango mwaka huo na iliyofuata, ngoma zikaingia, na nyuma ya ngoma, baada ya miaka, gitaa nalo likapenyeza kichwa. Wazee wa kinanda walinuna. Kwangu ilikuwa kazi. Bendi za mjini zilikuja na kufa, kwaya zilibaki, na mpaka leo theluthi mbili ya magitaa ninayotengeneza ni ya kwaya.

Hapa ndipo penye jambo ambalo mwalimu yule hakulitarajia, na ambalo watu wa mijini wanalisahau. Mpiga gitaa wa dansi Tanzania kwa kawaida hakuwa na gitaa. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wa mshahara. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, kiwanda cha Urafiki kilikuwa na bendi, shirika la bima lilikuwa na bendi. Faida yake ilikuwa kubwa, mpiga solo alilipwa kila mwisho wa mwezi. Lakini vyombo vilikuwa vya mwajiri. Ukiacha bendi unaacha gitaa. Ukistaafu unastaafu na vidole vitupu.

Nayajua haya kwa mwili wangu. Nilipiga rithimu misimu mitatu katika bendi moja ya Songea mjini, jina nalihifadhi. Dansi likiisha, vyombo vinafungiwa stoo, ufunguo mfukoni mwa mwenye bendi. Ukitaka kufanya mazoezi Jumanne, uombe. Akikasirika, hupati. Tulikosana naye kuhusu malipo ya Krismasi, nikarudi Peramiho kwa miguu kuanzia Likuyufusi, na kwa miaka miwili sikugusa gitaa la umeme. Siku nilipoligusa tena nilikuwa kama nimevaa glavu. Ngozi ngumu ya ncha za vidole inaisha kwa wiki chache tu. Mtu akinisikia siku ile angesema fundi amezeeka. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa.

Kwa hiyo niliposikia watu wakisema mpigaji fulani "amekwisha", nilijifunza kuuliza kwanza: gitaa analo? Dr. Nico wa Kongo, ambaye vijana wa wakati wetu walimwabudu kwa utamu wa solo lake, alipotea jukwaani miaka mingi kuanzia katikati ya miaka ya 1970, na kilichomwangusha kilikuwa biashara ya santuri. Vidole vilikuwepo, alipoingia tena studio kabla ya kufa mwaka 1985, vilisikika. Fundi Konde wa pwani ya Kenya, aliyekwenda Burma na jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili kuwaburudisha askari, akatamba miaka ya 1950, alikaa kimya miongo mitatu kabla ya kukumbukwa na kurudishwa jukwaani akiwa babu. Upande wa pili mtazame Said Mabera. Aliingia NUTA miaka ya 1970, bendi ikabadilika kuwa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma, yeye akabaki pale pale na solo lile lile. Zaidi ya miaka arobaini kiti kimoja. Huyo ndiye shahidi niliyemtaja kwa mwalimu wa kwaya, kwa sababu gitaa halikuondolewa mikononi mwake, na msikilizaji yeyote wa Msondo atakwambia kama alipungua. Kassim Mapili naye, mtu wa kusini kama sisi, alikuwa bado anapanda jukwaani kwenye miaka ya sabini ya umri wake, mpaka alipofariki mwaka 2016.

Na usisahau nyuzi. Baada ya vita vya Kagera, kati ya 1979 na 1985, hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Nani angeagiza nyuzi za gitaa? Tulifumua waya wa breki ya baiskeli. Ukiufumua unapata nyuzi nyembamba nyingi, unachagua iliyonyooka, unaikaza kwa hofu, maana ikikatika inaweza kukutoa jicho. Waya ule haukuwa na sauti mbaya sana. Ubaya wake ulikuwa ukali. Kidole hakitelezi juu yake, kinachanika. Mpigaji aliyezoea kuteleza kutoka freti ya tano hadi ya tisa alilazimika kunyanyua kidole na kukitua upya, akawa mzito, na watazamaji wakasema umri umemfika. Nilimsikia mtu akimsema hivyo rafiki yangu wa Mbinga kwenye harusi ya mwaka 1983. Miaka mitano baadaye alipata seti ya nyuzi za dukani, akamwaibisha msemaji.

Kisha kuna shingo kupinda. Masika ya huku ni ya miezi mingi, mbao hunywa maji, shingo ya gitaa la bei nafuu inavutwa na nyuzi mpaka inakuwa upinde. Nyuzi zinapanda juu, na kuzikandamiza kunataka nguvu za mchimba kisima. Mwenyewe haoni, kwa kuwa zinapanda unywele mmoja kila mwaka. Anachoona ni kwamba mkono unauma. Nimeletewa magitaa na wazee waliokuja kuyauza, "Fundi, mimi basi, vidole vimekataa." Nikanyoosha shingo kwa mvuke na jiliwa, nikachonga kipande cha mfupa wa ng'ombe kukalia nyuzi pale kichwani, chini kidogo kuliko kile cha awali, nikamwambia jaribu. Wawili niliowafanyia hivyo walighairi kuuza. Mmoja alinilaumu kwamba ningemfanyia miaka kumi iliyopita.

Sisemi umri haupo. Upo. Nina baridi ya viungo kwenye kidole cha kati, na asubuhi ya Julai, huku kwetu kukiwa na ule ubaridi wa kipupwe, siwezi kufunga kifungo cha shati sembuse kushika kodi ya F. Mwepesi siwi tena. Franco wa Kongo alikuwa mjanja katika hilo. Alirekodi akiwa kijana mdogo mwaka 1953, na kufika mwaka 1985, katika wimbo Mario, kazi kubwa ya vidole amewaachia vijana wa T.P.O.K. Jazz, yeye anazungumza na wewe kama mjomba barazani. Gitaa lake likiingia linaingia kwa nyuzi mbili, nzito, na hukosi kulijua ni la nani. Les Paul wa Marekani, ambaye jina lake limeandikwa kwenye vichwa vya magitaa ya umeme duniani kote, alikuwa anapiga kila Jumatatu kwenye klabu moja New York akiwa amepita miaka tisini, vidole vingi vimeshakakamaa. Alipiga kwa vilivyobaki. Alikufa mwaka 2009 akiwa na miaka tisini na minne.

Na Bosco. Nilikuwa nimeshamzika kichwani mwangu pamoja na santuri za utoto, mpaka Padre mmoja aliponiletea kaseti ya nyimbo alizorekodi Cape Town mwaka 1988, miaka thelathini na sita tangu Jadotville. Niliisikiliza jioni nzima peke yangu karakana imefungwa. Kasi imepungua, sikatai. Gumba lakini! Lile gumba la nyuzi nene, ambalo ujanani lilikuwa linaharakisha kidogo, sasa linatembea kama mtu anayerudi shambani kwake mwenyewe. Nilitaka mzee wa Maposeni aisikie. Nilimpelekea. Alisikiliza macho yamefumbwa, akasema tu, "Amejua pa kupumulia," akaomba nimwachie kaseti. Sikuipata tena.

Mzee huyo amefariki miaka mingi sasa. Galatoni lake la mwaka 1958 lilining'inia kwenye msumari ukutani hadi mwezi uliopita, mjukuu wake alipoliweka kwenye boksi la sabuni, akalileta kwa bodaboda. Anataka ning'oe freti zote, nibandike ubao mpya wa mpingo, alipeleke kwenye kwaya ya vijana. Tumbo nimeshalitia gundi. Shingo nimenyoosha. Ubao nimemwambia asubiri.

Nililegeza nyuzi, nikaitazama kama kawaida. Kuna vishimo vya zamani, vimejaa uchafu na nta, vimetawanyika, hivyo ni vya kijana wa migodini. Juu yake kuna vipya vinavyong'aa. Nikaweka vidole vyangu ndani ya vile vipya, kimoja kimoja, na havikuingia nilivyotarajia. Ule mzunguko aliokuwa akiupiga harusini, ambao niliujaribu tangu utotoni nikashindwa, nilikuwa nafikiri unataka vidole vitatu. Alama za kidole cha kati ni za zamani tu. Mahali pake hakuna alama mpya. Alikuwa amekiacha kidole hicho, sijui mwaka gani, sijui kilipinda au kiliuma, akahamisha sauti ile ya tatu kwenye uzi wa pili, freti ya kwanza, ambapo cha shahada kinaifikia bila kunyanyuka. Niliupiga hivyo, polepole. Ukatoka.

Nimeurudia kila jioni wiki hii. Kidole changu cha kati hakihitajiki hata mara moja.